Dmitri Mendeleev na Nafasi Zilizoachwa Wazi

Utangulizi

Aghalabu mwanafunzi aingiapo katika maabara ya kemia kwa mara ya kwanza, hulakiwa na bango kubwa lililotundikwa ukutani. Bango hilo lina visanduku vilivyopangwa safu kwa safu, na kila kisanduku kina herufi moja au mbili pamoja na tarakimu. Hilo ndilo jedwali la elementi. Wanafunzi wengi hulikariri kwa minajili ya mtihani, kisha wakalisahau. Ni wachache wanaofahamu kuwa jedwali hilo lilizaliwa katika jiji la St Petersburg, nchini Urusi, mnamo mwaka wa 1869, pale mwalimu mmoja wa chuo kikuu alipotatizika kuhusu namna ya kupanga sura za kitabu cha kiada.

Mwalimu huyo ni Dmitri Ivanovich Mendeleev. Makala haya yanasimulia maisha yake kuanzia Siberia alikozaliwa hadi St Petersburg alikozikwa. Mkazo umetiwa katika jambo moja lililomtofautisha na wenzake, nalo ni uthubutu wa kuacha nafasi wazi katika jedwali lake na kutamka hadharani ni kitu gani kingekuja kuzijaza. Huenda msomaji wa Kiswahili akajiuliza kemia inamhusu vipi. Jibu litajitokeza kadiri masimulizi yanavyoendelea, kwani kazi ya Mendeleev ilikuwa ya kuainisha, kupima na kubuni istilahi. Kazi hizo tatu si ngeni kwa mwanaisimu wala kwa mhakiki wa fasihi.

Malezi na Mama Shupavu

Mendeleev alizaliwa tarehe 8 Februari 1834 katika mji wa Tobolsk, magharibi mwa Siberia. Alikuwa kitinda mimba katika familia yenye watoto zaidi ya kumi. Babake, Ivan Pavlovich, alikuwa mkuu wa shule ya upili ya mji huo. Mwaka ule ule aliozaliwa Dmitri, mzee huyo alipofuka macho na kupoteza kazi. Pensheni aliyopewa haikutosha kulisha familia kubwa kiasi hicho. Mzigo wote ukamwangukia mama, Maria Dmitrievna.

Maria alikuwa mwanamke mwenye ari isiyo kifani. Jamaa zake walimiliki kiwanda cha vioo katika kijiji kilichokuwa karibu na Tobolsk, naye akahamia huko na kukisimamia mwenyewe. Dmitri alikulia penye tanuri. Aliona jinsi mchanga na magadi vinavyoyeyushwa kwa moto na kutoka vikiwa kioo kinachong'aa. Mwalimu wake mwingine alikuwa shemeji yake, Nikolai Basargin, mume wa dadake Olga. Basargin alikuwa amehamishiwa Siberia kama mfungwa wa kisiasa kwa kuhusika na njama zilizozaa uasi wa Desemba 1825. Msomi huyo aliyefukuzwa kwao ndiye aliyemwonjesha kijana Dmitri utamu wa sayansi. Shuleni Dmitri alipenda hisabati na fizikia, lakini somo la Kilatini lilimlemea kupita kiasi.

Msiba haukuja peke yake. Mwaka wa 1847 baba aliaga dunia, na mwaka wa 1848 kiwanda kikateketea kwa moto. Mama mwingine angekata tamaa, ila Maria alijifunga kibwebwe. Mnamo 1849, akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, aliwachukua watoto wake wawili wa mwisho, Dmitri na Elizaveta, akafunga safari ya takribani kilomita 2,000 hadi Moscow ili kumtafutia mwanawe nafasi ya masomo. Chuo Kikuu cha Moscow hakikumpokea. Maria hakurudi nyuma. Aliendelea na safari hadi St Petersburg, na mwaka wa 1850 Dmitri akakubaliwa katika Taasisi Kuu ya Ualimu, chuo kile kile alikosomea marehemu babake. Mama alifariki mwaka uo huo, kana kwamba kazi iliyombakiza duniani ilikuwa imekwisha. Haukupita muda mrefu Elizaveta naye akafuata, akiwa ameuawa na kifua kikuu.

Mendeleev hakumsahau mamake. Mnamo 1887, akiwa tayari ni profesa mwenye sifa kote Ulaya, alichapisha utafiti mkubwa kuhusu miyeyusho ya maji na akautabaruku kwa kumbukumbu ya mwanamke huyo.

Masomo na Kongamano la Karlsruhe

Mendeleev alihitimu mwaka wa 1855 akitunukiwa nishani ya dhahabu. Kwa kuwa madaktari walishuku kwamba yeye pia ana kifua kikuu, alipelekwa kufundisha kusini, kwanza Simferopol katika rasi ya Crimea, kisha Odessa, kwenye hewa ya joto. Aliishi zaidi ya miaka hamsini baada ya shaka hiyo. Mwaka wa 1856 alirejea St Petersburg na kupata shahada ya uzamili, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha katika chuo kikuu cha jiji hilo.

Kati ya 1859 na 1861 alikuwa Heidelberg, Ujerumani, kwa gharama ya serikali. Hapo ndipo alipopata fursa iliyobadilisha mkondo wa fikra zake. Mnamo Septemba 1860 wanakemia kutoka nchi mbalimbali walikutana katika mji wa Karlsruhe ili kusuluhisha mgogoro uliokuwa umewagawanya kwa nusu karne.

Ni muhimu kuueleza mgogoro huo, maana ndio ufunguo wa yote yaliyofuata. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwingereza John Dalton alikuwa ameeleza kuwa kila elementi imeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu, na kwamba atomu za elementi moja zina uzito wake mahususi. Hakuna aliyeweza kuipima atomu moja kwa mizani. Kilichowezekana ni kulinganisha. Mathalani, maji yakichanganuliwa, kila gramu 1 ya hidrojeni huandamana na gramu 8 za oksijeni. Je, hii ina maana kuwa atomu ya oksijeni ina uzito mara 8 ya ile ya hidrojeni? Jibu ni ndiyo, iwapo chembe ya maji ina atomu moja ya kila elementi. Lakini iwapo ina atomu mbili za hidrojeni kwa moja ya oksijeni, basi uzito wa oksijeni ni 16. Kwa kuwa hapakuwa na makubaliano kuhusu idadi ya atomu, wanakemia waliandika uzito tofauti kwa kitu kimoja. Hali ilikuwa sawa na ya soko ambalo kila mchuuzi ana kibaba chake.

Katika kongamano hilo Mwitaliano Stanislao Cannizzaro alifufua wazo lililotolewa na mwananchi mwenzake Amedeo Avogadro mwaka wa 1811. Wazo lenyewe ni kwamba gesi zenye ujazo sawa, zikiwa katika joto na kanieneo sawa, huwa na idadi sawa ya molekuli. Kwa kanuni hiyo iliwezekana kuamua kuwa oksijeni ni 16 wala si 8, na kusahihisha uzito wa elementi nyingine nyingi. Mendeleev, kijana wa miaka 26, aliondoka Karlsruhe akiwa na kipimo kimoja cha kuaminika mkononi.

Mwalimu na Kitabu cha Kiada

Aliporudi nyumbani mwaka wa 1861 aliandika kitabu cha kemia ya kaboni kwa muda wa miezi michache tu, nacho kikamletea Tuzo ya Demidov. Mwaka wa 1862 alimwoa Feozva Leshcheva. Mwaka wa 1865 alitetea tasnifu yake ya uzamifu kuhusu mchanganyiko wa alkoholi na maji. Tasnifu hiyo imezua uvumi kwamba ndiye aliyeamua kiwango cha alkoholi katika vodka ya Kirusi, dai ambalo halina msingi wowote.

Mnamo 1867 alipewa kiti cha kemia katika Chuo Kikuu cha St Petersburg. Alipotafuta kitabu cha Kirusi cha kuwafundishia wanafunzi wake, hakupata kinachofaa. Akaamua kuandika chake, Misingi ya Kemia, ambacho kilitoka kati ya 1868 na 1871.

Wakati huo elementi zilizojulikana zilikuwa 63. Juzuu ya kwanza ilishughulikia chache tu miongoni mwa hizo, zikiwemo hidrojeni, oksijeni, nitrojeni na kaboni, kisha ikaishia kwenye jamii ya klorini, bromini na iodini. Kufikia mwanzoni mwa 1869 Mendeleev alikuwa anaingia juzuu ya pili, naye alitaka kuanza na jamii ya sodiamu na potasiamu. Sasa tatizo likamkabili. Zilikuwa zimesalia elementi zaidi ya hamsini. Angezipanga kwa utaratibu gani? Kuziorodhesha kwa alfabeti kungekuwa kuchoma muda wa mwanafunzi. Kuzigawa katika metali na zisizo metali hakukutosha. Mwalimu alihitaji mfumo ambao ungemwezesha mwanafunzi kuona uhusiano, si kubeba mzigo wa majina kichwani.

Machi 1869: Radidi ya Elementi

Tarehe 1 Machi 1869, kwa kalenda itumikayo sasa, Mendeleev alitarajiwa kusafiri ili kukagua viwanda vya jibini mashambani. Safari hiyo aliiahirisha. Alikuwa ameanza kulinganisha jamii mbili ambazo hazifanani hata kidogo kwa tabia, lakini zimekaribiana kwa uzito wa atomu. Klorini ni 35.5 na potasiamu ni 39. Bromini ni 80 na rubidiamu ni 85. Iodini ni 127 na sesiamu ni 133. Tofauti ndogo, na kila mara mpangilio ni ule ule. Je, kama uzito ndio uzi unaoziunganisha zote?

Akazipanga elementi kuanzia nyepesi hadi nzito, na hapo umbo likajitokeza. Lithiamu yenye uzito wa 7 ni metali laini inayochachamaa ikitiwa majini. Ukihesabu mbele kupitia beriliamu, boroni, kaboni, nitrojeni, oksijeni na florini, unaifikia sodiamu yenye 23, nayo ina tabia za lithiamu. Ukiendelea tena hatua kama hizo unaifikia potasiamu yenye 39, na tabia zile zile zinarudi. Tabia za elementi hujirudia kwa vipindi kadiri uzito unavyoongezeka. Kwa Kiswahili neno radidi ndilo linalobeba dhana hiyo barabara, na ndiyo sababu waliounda istilahi za sayansi walilitumia kuutaja mfumo huu kuwa ni mfumo radidia. Mwanafunzi wa isimu anayelijua neno uradidi katika mofolojia, na wa fasihi anayelitumia katika uchanganuzi wa ushairi, wanakutana na mwanakemia katika neno moja.

Ushairi unaweza kutumulikia jambo hili zaidi. Mhariri wa miswada ya kale hukumbana na ubeti ambao karatasi yake imeliwa na mchwa. Kipande cha mshororo hakipo. Hata hivyo, kwa kuwa anajua mizani za mishororo mingine na vina vyake, anaweza kusema kipande kilichopotea kilikuwa na mizani nane na kiliishia kwa silabi fulani. Maneno yenyewe hayajui, lakini umbo lake analijua. Uzito wa atomu ndio uliokuwa mizani za Mendeleev, na tabia za kikemia ndizo zilizokuwa vina vyake.

Alipoona mahali ambapo mfuatano unakatika, hakulazimisha elementi inayofuata iingie mahali pasipo pake. Aliacha nafasi. Jedwali lilichapishwa na kusambazwa kwa wanakemia, na tarehe 18 Machi 1869 likawasilishwa mbele ya Chama cha Kemia cha Urusi na Nikolai Menshutkin kwa niaba yake.

Wengine Waliotangulia na Waliofuatana Naye

Haki itendeke kwa kusema kwamba Mendeleev hakuwa wa kwanza kuona ulinganifu huu. Mwaka wa 1862 Mfaransa Alexandre-Émile Béguyer de Chancourtois alizipanga elementi katika mstari unaozunguka mcheduara. Mwingereza John Newlands naye aliona kwamba tabia zinajirudia kila baada ya hatua nane, akazilinganisha na noti za muziki. Alipolisoma jedwali lake mbele ya wanakemia wa London mwaka wa 1866, mmoja wao alimdhihaki kwa kumuuliza iwapo amejaribu kuzipanga elementi kwa alfabeti. Katika jedwali hilo Newlands hakuacha nafasi kwa ajili ya elementi zisizojulikana, na kwa hivyo zilizokuwepo zikasukumwa mahali pasipozifaa. Mjerumani Lothar Meyer alifika karibu zaidi. Jedwali lake lilikuwa na nafasi wazi, ila yeye hakuthubutu kueleza kwa tarakimu ni nini kingezijaza.

Tofauti basi haikuwa katika kuona bali katika kuthubutu. Mendeleev alidiriki kuamini kanuni kuliko vipimo vya wakati wake. Beriliamu ilikuwa imeandikwa kuwa na uzito wa takribani 14, jambo ambalo lingeiweka palipo na nitrojeni. Mendeleev alisema wapimaji wamekosea idadi ya atomu katika oksidi yake, na kwamba uzito halisi ni takribani 9, ili iketi kati ya lithiamu na boroni. Uraniamu iliyoandikwa 120 yeye aliiandika 240. Leo beriliamu inajulikana kuwa 9 na uraniamu 238.

Utabiri na Istilahi za Kisanskriti

Katika makala marefu ya mwaka wa 1871 Mendeleev alizieleza kwa kina elementi tatu ambazo hapana binadamu aliyekuwa amezigundua. Alizipa majina ya muda kwa kutumia namba za Kisanskriti. Eka ni moja, dvi ni mbili, tri ni tatu. Elementi iliyotarajiwa kuwa hatua moja chini ya aluminiamu aliiita eka-aluminiamu, na nyingine mbili akaziita eka-boroni na eka-silikoni. Uteuzi huo si wa kushangaza. St Petersburg ya wakati huo ilikuwa kitovu cha taaluma ya Kisanskriti, kwani kamusi kubwa ya lugha hiyo iliyotungwa na Otto Böhtlingk na Rudolf Roth ilikuwa inachapishwa humo, juzuu baada ya juzuu, kati ya 1855 na 1875. Mwanakemia alikopa mofimu kutoka lugha ya mbali ili kupata istilahi fupi, yenye mfumo na isiyochanganya. Huo ndio ufundi ambao waundaji wa istilahi za Kiswahili wangali wanauhitaji.

Wengi waliupuuza utabiri huo. Mnamo Agosti 1875 Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran aligundua metali mpya katika madini ya zinki, akaiita galiamu kwa heshima ya jina la Kilatini la nchi yake. Mendeleev aliposoma habari hizo alitambua mara moja kuwa hiyo ndiyo eka-aluminiamu. Lakini palikuwa na kasoro. Mfaransa alikuwa amepata kwamba sentimita moja ya ujazo ya metali hiyo ina gramu 4.7, ilhali utabiri ulisema gramu 5.9 hivi. Mendeleev akamwandikia kumshauri asafishe sampuli yake na kupima upya. Fikiria hali hiyo: mtu aliye St Petersburg, ambaye hajawahi kuiona metali yenyewe, anamwambia mtu anayeishika mkononi huko Ufaransa kwamba amekosea kuipima. Mfaransa alirudia kipimo kwa metali iliyosafishwa zaidi, akapata 5.9.

Mnamo 1879 Msweden Lars Fredrik Nilson aligundua skandiamu, na mwenzake Per Teodor Cleve akaonyesha kuwa ndiyo eka-boroni. Mwaka wa 1886 Mjerumani Clemens Winkler wa Freiberg alipata jerimaniamu. Hii ilikuwa eka-silikoni. Mendeleev alikuwa ametabiri uzito wa atomu wa 72, Winkler akapata 72.3. Alitabiri gramu 5.5 kwa sentimita ya ujazo, ikapatikana 5.47. Alisema kampaundi yake na klorini ingechemka chini kidogo ya nyuzi 100, nayo ikachemka katika nyuzi 86. Hata hesabu hii ya mwisho iliyopungua shabaha ilitosha kuwanyamazisha waliokuwa na shaka. Mwaka wa 1882 Jumuiya ya Kifalme ya London ilikuwa imekwisha kuwatunuku Mendeleev na Meyer kwa pamoja Nishani ya Davy.

Migogoro ya Maisha

Sifa za ng'ambo hazikumpa amani nyumbani. Mwaka wa 1880 Chuo cha Sayansi cha St Petersburg kilikataa kumchagua kuwa mwanachama kamili, jambo lililozua ghadhabu miongoni mwa wasomi wa Urusi. Ndoa yake na Feozva ilivunjika, na mwaka wa 1882 akamwoa Anna Popova, mwanafunzi wa sanaa aliyekuwa mdogo wake kwa miaka mingi. Kanisa la Kiothodoksi lilitaka asubiri kabla ya kuoa tena. Yeye hakusubiri, na kasisi aliyewafungisha akapoteza wadhifa wake. Lyubov, binti wa ndoa hiyo ya pili, aliolewa mwaka wa 1903 na mshairi Aleksandr Blok, na ndiye aliyekuwa kichocheo cha mashairi ya awali ya msanii huyo mashuhuri.

Mendeleev hakuwa mtu wa kujifungia maabarani. Alisafiri hadi Baku na Pennsylvania kuchunguza uchimbaji wa mafuta. Agosti 1887 alipaa peke yake kwa puto karibu na mji wa Klin ili kutazama kupatwa kwa jua, ingawa hakuwa amewahi kuendesha chombo hicho.

Pigo kubwa lilikuja mwaka wa 1890. Wanafunzi wa chuo kikuu waligoma wakidai uhuru zaidi wa masomo. Mendeleev, aliyependwa nao, alikubali kuupeleka waraka wa malalamiko yao kwa waziri wa elimu, Ivan Delyanov. Waziri aliurudisha bila kuushughulikia na kumkumbusha kwamba mtumishi wa serikali hana ruhusa ya kuwa tarishi wa wanafunzi. Mendeleev akajiuzulu. Mwalimu aliyeandika kitabu kwa ajili ya wanafunzi alipoteza kiti chake kwa ajili ya wanafunzi.

Mlinzi wa Mizani

Serikali haikuweza kumwacha nje kabisa. Mnamo 1892 aliteuliwa kuwa mtunzaji wa vipimo rasmi vya dola, na mwaka wa 1893 ofisi hiyo ikageuzwa kuwa Idara Kuu ya Vipimo na Mizani chini ya uongozi wake. Wadhifa huu ulimfaa mno. Kanuni yake yote ilitegemea usahihi wa uzito, na sasa alikabidhiwa uzito wa taifa zima.

Urusi ya wakati huo ilipima urefu kwa arshini, sawa na sentimita 71.12, na uzito kwa pudi, sawa na kilo 16.38. Kwa bahati pudi hiyo inakaribiana sana na frasila iliyotumiwa na wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki. Mendeleev alitengenezesha vipimo vipya vya kielelezo, akanunua mizani nyepesi za kuhisi tofauti ndogo kabisa, na akaanzisha matawi ya kukagulia mizani za wafanyabiashara mikoani. Sheria aliyoiandaa, iliyopitishwa mwaka wa 1899, iliruhusu mfumo wa metriki utumike kwa hiari sambamba na ule wa kienyeji. Mfumo huo ulifanywa wa lazima kwa amri ya mwaka wa 1918, baada ya mapinduzi. Mendeleev aliamini kuwa sayansi huanza pale kipimo kinapoanza, na kwamba mkulima anayepunjwa sokoni na mwanakemia anayepotoshwa maabarani wanaumizwa na adui mmoja.

Machweo na Mipaka ya Fikra

Mtu aliyetabiri yasiyojulikana alipata taabu kuyakubali yaliyojulikana. Mwaka wa 1894 Waingereza Rayleigh na Ramsay walitangaza gesi mpya, argoni, ambayo haikuwa na nafasi katika jedwali. Mendeleev alidhani ni aina ya nitrojeni. Baadaye, heliamu, neoni, kriptoni na zenoni zilipopatikana na kuonekana kuwa jamii moja, alikubali safu mpya iongezwe. Jedwali halikuvunjika bali lilipanuka.

Mambo mengine hakuyakubali. Mwaka wa 1896 Becquerel aligundua unururifu, na mwaka wa 1897 J. J. Thomson akaonyesha kuwepo kwa elektroni. Atomu iliyodhaniwa haigawanyiki ilikuwa na sehemu. Mendeleev alizuru maabara ya akina Curie jijini Paris mwaka wa 1902, lakini hakushawishika kuwa elementi moja inaweza kugeuka kuwa nyingine. Badala yake alibuni elementi ya kinadharia, nyepesi kuliko hidrojeni, aliyoitambulisha na etha. Elementi hiyo haikupatikana kamwe. Baadhi ya tabiri zake nyingine nazo zilianguka.

Mwaka wa 1905 alitunukiwa Nishani ya Copley. Mwaka wa 1906 jina lake lilifikishwa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Sweden kwa ajili ya Tuzo ya Nobel, lakini tuzo akapewa Mfaransa Henri Moissan. Tarehe 2 Februari 1907 Mendeleev alifariki jijini St Petersburg, zikiwa zimesalia siku chache atimize miaka 73. Katika maziko yake wanafunzi walibeba bango la jedwali la elementi mbele ya msafara. Alizikwa katika makaburi ya Volkovo, alikozikwa pia mamake.

Miaka sita baadaye, mwaka wa 1913, kijana Mwingereza Henry Moseley alionyesha kuwa kinachopanga elementi si uzito bali idadi ya chaji chanya katika kiini cha atomu. Ugunduzi huu ulitatua kitendawili kilichomsumbua Mendeleev, cha kwa nini teluriamu, iliyo nzito zaidi, hutangulia iodini. Yeye alikuwa ameziweka mahali pake sahihi kwa kufuata tabia, huku akidhani kipimo cha teluriamu kina dosari. Alipata jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Mwaka wa 1955 elementi ya 101 ilitengenezwa Marekani na kupewa jina la mendeleviamu. Leo jedwali lina elementi 118.

Hitimisho

Maisha ya Mendeleev yanamfundisha nini mwanafunzi wa Kiswahili? Kwanza, uainishaji mzuri hauogopi pengo. Wanaisimu wanalijua hili kupitia ngeli za nomino. Mfumo wa namba ulioasisiwa na Wilhelm Bleek na kuendelezwa na Carl Meinhof huziacha nafasi za 12 na 13 zikiwa tupu katika Kiswahili Sanifu, kwa sababu viambishi ka- na tu- vinavyopatikana katika Kigikuyu na Kikamba havimo katika lugha hii. Angeondoa mtu namba hizo ili jedwali lipendeze, uhusiano wa Kiswahili na lugha ndugu ungefichika. Pengo likiwekwa mahali pake ni taarifa, sawa na neno lililoandikwa.

Pili, kazi kubwa inaweza kuchipuka katika shughuli ya kawaida ya ualimu. Mendeleev hakukaa chini kutafuta umaarufu. Alikuwa anatafuta sura ya pili ianzie wapi.

Tatu, suala la istilahi lingali wazi. Mwaka wa 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Hata hivyo, nchini Kenya kemia hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hukutana na bango lile ukutani bila neno hata moja la lugha anayoitumia sokoni. Hiyo pia ni nafasi iliyoachwa wazi. Umbo lake linajulikana, mizani zake zinajulikana, na vina vyake vinajulikana. Kilichobaki ni kupata wa kuijaza.